Makabati ya Barabara ya Pike Hill

Habari hii alinisimulia Verna Goodell mwenyewe, Jumatano ya mwisho ya Februari, tukiwa jikoni kwake tunakaanga donati za chakula cha mchana cha mkutano wa shule, ule ambao wakazi huinua mikono kupitisha bajeti. Sehemu ya mwisho sikusimuliwa na mtu. Niliiona mwenyewe dirishani, maana nyumba yangu inatazamana na ya Delmar. Na kabla sijaendelea niseme jambo moja nisije nikaumbuliwa baadaye: kabati la tatu lilikuwa langu.

Verna alipika shuleni kwetu miaka thelathini na moja. Hapa Tarrow, mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka hamsini amekula makaroni yake ya jibini, na akikutana naye dukani anasimama wima kama yuko kwenye foleni na sinia mkononi. Mumewe, Merton, alikuwa fundi seremala. Miaka minne iliyopita, kabla hajafa, aliona jinsi magoti ya mkewe yanavyogombana na ngazi. Akachukua stoo iliyo kando ya jiko, akaigeuza choo na bafu, akapigilia vyuma ukutani vya kushikia. Manispaa hakuwaambia. Merton hakuwa mwizi, ila fomu na yeye hawakuwa wakipatana.

Sasa, shule yetu inakula nyumba zetu, na kila mwaka hamu yake inaongezeka. Mwaka wa kwanza lilikuwa paa. Wa pili bima ya walimu. Wa tatu basi, kisha walimu wawili wa watoto wenye shida ya kusoma, na mwaka huu tanuri la kupasha jengo zima moto, kwa kuwa la zamani linakohoa kuliko mimi. Watoto wanapungua, gharama zinapanda, na gharama hizo hugawanywa kwa nyumba: kubwa inalipa zaidi, ndogo inalipa kidogo, na ya Verna, ambayo ni ya wastani, kodi yake ilitoka dola elfu tatu na mia tisa hadi elfu tano na mia nane katika miaka sita. Verna aliuza misumeno ya Merton. Akauza mtumbwi wao. Akasema kodi ikiongezeka tena atauza nyumba yenyewe, aende kwa bintiye Florida, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama maegesho. Alikwisha kukiona. Alilala humo siku tatu na hakusikia hata ndege mmoja.

Ndipo ikaja barua ya manispaa kwamba mthamini atapita kila nyumba kuhesabu upya vyumba, vyoo na meko, maana kila kimoja huongeza kodi.

Delmar Goodell, mdogo wake Merton, ambaye hajawahi kuoa wala kukosa maoni, alifika siku hiyohiyo na barua yake mfukoni.

"Shemeji," akasema, "choo cha pili ni kama bunduki ya pili. Wakikikuta, wanauliza cha kwanza kilikuwa na shida gani."

"Cha kwanza kiko juu, na mimi niko chini. Hiyo ndiyo shida yake."

"Waeleze hivyo manispaa, uone watakavyolia." Akalitazama kabati kubwa la sahani la mama mkwe wake Verna, la mti wa mwaloni, refu kupita mlango. "Lile likisimama pale, nani atajua kuna mlango nyuma?"

"Mimi nitajua. Nitaendaje chooni?"

"Siku moja tu, shemeji. Jibane."

"Wewe umejibana nini maishani, Delmar?"

"Nimejibana nisioe."

Wakalisukuma. Kabati lile lilipiga kelele mpaka mbwa wa Thorsen, nyumba tatu mbele, akabweka. Sakafuni ikabaki mikwaruzo miwili mirefu kama njia ya reli, na Delmar akaifunika kwa zulia la mlangoni.

Habari njema hazikai. Mpaka Jumapili, Delmar alikuwa amepita barabara nzima na mgongo wake, anasogeza makabati kwa malipo ya pai moja kila nyumba. Kwangu alichukua ya tufaha. Hakuna mwanamume aliyewahi kupendwa Pike Hill kama Delmar juma lile. Na wote, bila kuambizana, tuliamua jambo la pili: mthamini akija, tumkaribishe vizuri, tumpe kahawa.

Mthamini akaja Alhamisi, siku ya baridi inayogandisha kope. Alikuwa Colette Thibodeau, binti wa yule fundi magari, ambaye sisi wote tulimjua tangu ana meno mawili. Ni mtu mpole, hodari kwa hesabu, na tangu utoto ana aibu ya kuomba kitu. Hata chumvi mezani alikuwa akiitazama tu mpaka mtu amsogezee. Nyumba ya kwanza akapewa kahawa vikombe viwili. Ya pili viwili, na juisi ya kranberi. Kwangu alikunywa kimoja, nikamwongeza, akasema inatosha, nikamwongeza tena. Ya nne sijui, lakini watu wale hawana mkono mdogo.

Alipofika kwa Verna ilikuwa saa saba mchana. Delmar alikuwa ameketi pale mezani tangu asubuhi, kulinda kabati.

"Karibu mwanangu, unywe kahawa," Verna akasema.

"Hapana, Bi Verna. Asante. Hapana kabisa."

Akapima sebule. Akapima jiko, akizunguka kabati bila kulitazama. Akapanda juu, na Verna akamsikia akitembea taratibu mno, hatua fupifupi. Akashuka na daftari lake kifuani.

"Bi Verna, choo cha juu hakina maji."

"Nilifunga maji kule juu, bomba zisigande."

"Tangu lini?"

"Tangu... muda kidogo."

"Kitanda cha juu kina vumbi la kuandikia jina." Colette alisema hivyo akiwa amepitisha mguu mmoja mbele ya mwingine. "Samahani kuuliza. Ni lazima nijaze. Unaoga wapi?"

Verna akatazama sufuria. Na hapo Delmar, aliyekuwa amekaa saa tano nzima bila kusema neno la maana, akaamua kuokoa jahazi.

"Anaoga kwangu," akasema.

Verna anasema alihisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Miaka sabini na nne, mjane wa watu, mshona mapazia ya kanisa, na sasa itaandikwa kwenye daftari la manispaa, ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kwenda kulisoma, kwamba anaoga kwa Delmar.

"Delmar," akasema, "funga mdomo."

Alipogeuka amwambie Colette kwamba si kweli, akaiona ile miguu. Alikuwa ameiona zamani, miguu ileile, Colette akiwa darasa la kwanza, amesimama kwenye foleni ya chakula hivyohivyo, anaona aibu kuomba ruhusa, mpaka aibu ikamshinda na maji yakamwagika sakafuni. Verna alimpitisha mlango wa nyuma wa jiko, akamfua soksi na suruali, akavikausha juu ya oveni, akamvika aproni, na alipoulizwa na walimu alisema amemwazima mtoto huyu amsaidie kuhesabu vijiko. Hakumwambia mtu. Hata mimi nimeambiwa Jumatano ile tu, na kwa ruhusa ya Colette.

"Mwanangu," Verna akasema polepole, "barabara hii leo wamekunywesha kahawa vikombe vingapi?"

"Tisa."

"Na kuna mtu aliyekuonyesha choo?"

Colette akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa karibu.

"Delmar, simama. Shika upande ule."

"Shemeji, usifanye hivyo. Una choo cha shimo pale nje, nyuma ya banda."

"Kile kimejaa kuni zako. Shika."

"Shemeji, Florida."

"Shika kabati, Delmar, au nalisukuma na magoti haya na utawaeleza watu nilivyovunjika."

Akalishika. Zulia likajikunja, reli zikaonekana, kabati likalia, mbwa wa Thorsen akajibu, na mlango ukatokea. Colette hakungoja ufunguliwe wote. Alipita ubavuubavu, daftari na yote.

Delmar akakaa chini. "Umejiuza kwa mkojo wa mtu," akasema.

"Hakuna mtoto wa shule yangu atakayejikojolea jikoni kwangu mara mbili."

Colette alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, na akaomba kiti mwenyewe, bila aibu.

"Bi Verna, hili ni kabati la tano leo," akasema. "La kwanza limeziba swichi ya taa. La pili limewekwa katikati ya dirisha. Kwa yule jirani yako wa huku," na hapo alimaanisha mimi, "limesimama mbele ya mlango ambao kitasa chake kinaonekana pembeni, na ametundika taulo la vyombo kwenye hicho kitasa."

Ni kweli. Niliona ni akili wakati ule.

"Basi andika," Verna akasema. "Choo kimoja na bafu. Merton alikijenga vizuri, usiandike kibovu."

"Nitaandika. Lakini vile vyuma vya ukutani, alivipigilia kwa ajili ya nini?"

"Magoti yangu."

"Chumba kilichojengwa ili mtu asiyeweza ngazi aishi nyumbani kwake, hapa kwetu hakiongezi thamani ya kodi. Na kwa umri wako na pensheni ya jikoni, una punguzo la wazee tangu miaka tisa iliyopita. Fomu huja na bili kila mwaka. Hukuziona?"

Verna akafungua droo ya kabati la sahani. Zilikuwemo zote tisa, za rangi ya waridi, hazijakunjuliwa.

"Nilidhani ni za kuomba msaada," akasema. "Sijawahi kuomba sadaka."

"Uliponikaushia soksi ilikuwa sadaka?"

"Ile ilikuwa oveni. Ilikuwa inawaka hata hivyo."

"Basi na hili lipo hata hivyo. Tia sahihi hapa, Bi Verna."

Akatia. Colette akakokotoa pale mezani, akamgeuzia daftari. Kodi ilirudi nyuma, chini kidogo ya ile ya miaka sita iliyopita. Verna aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akamkatia kipande cha pai, bila kahawa.

"Sasa Jumamosi ya juma lijalo, kwenye mkutano," Delmar akasema, "utainua mkono bajeti ipunguzwe, au umeshashiba?"

"Tanuri nitaliinulia mkono. Mtoto aliyevaa koti darasani hali chakula chake, nimewaona. Lakini zile skrini za ukutani za dola elfu arobaini wanazotaka kununua, watanisikia mpaka wakome."

Colette alikuwa anavaa glavu. Akatazama nje ya dirisha, juu ya theluji ya Pike Hill yote, nyeupe mpaka msituni.

"Mzee Delmar, kwako ni pale panapofuka mvuke?"

Delmar akakohoa. "Mbolea."

"Mbolea ya nini? Huna hata kuku."

Ni beseni la maji moto, la watu sita, alilonunua Delmar baada ya kuuza kipande chake cha msitu, na alikuwa amelifunika kwa turubai na kulipangia kuni juu. Theluji ilikuwa imejaa kila mahali isipokuwa hapo, mahali palipozungukwa na majani mabichi kama mwezi wa Mei, theluji ikishayeyuka.

Colette aliliandika. Kisha akarudi nyuma nyumba moja moja, akatuomba tusogeze makabati, na kila mmoja wetu akampigia Delmar simu kuja kusukuma. Pai hakuna aliyempa.

Colette alifika kwake saa kumi, akajilaza kwenye kochi na buti zake miguuni. Verna alilala kitini, fomu ya waridi mapajani. Mimi nilikuwa nangoja kuona Delmar atafanya nini.

Alitoka na taulo na kofia ya sufi. Akatupa kuni moja moja, akavuta turubai, akaniona dirishani.

"Nalilipia, Bi Ardis," akasema kwa sauti ya kuvuka barabara. "Sasa nalitumia mchana."

Akazama mpaka mabegani. Theluji ikaanza kuanguka, ikatua juu ya kofia. Nikamwona akitazama mlima, kisha akitazama vidole vyake, kisha kidevu kikashuka taratibu, na mgongo wake uliosukuma makabati matano kwenda na matano kurudi ukalegea pembeni mwa beseni, akalala.