Bwana Shauri wa Kibuyu

Leonida alikuwa amekwisha kuvaa kofia alipomwona Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, akishuka kwenye Landrova.

Kofia ile ilikuwa nusu ya kibuyu, imepakwa chokaa, ukingo wake kipande cha kadibodi kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Alikuwa pia amevaa kaptula ya mumewe, Piusi, na soksi ndefu hadi magotini. Mtu asingehitaji kuambiwa anamwiga nani.

"Ghairi," Piusi alimnong'oneza nyuma ya pazia la kanga. "Mimi ni mwalimu wa serikali, Leonida. Utaniponza."

"Nikighairi sasa ndiyo atajua tulikuwa na la kuficha."

Ilikuwa siku ya mnada Karatu, kiangazi cha mwaka 1959. Wamasai waliohamishwa Serengeti na kuletwa upande wa Ngorongoro walikuja mnadani kuuza ndama na kununua mahindi, na wanawake wauza mahindi walisikia kwao habari zile zile kila wiki: mstari uliochorwa, maji yaliyobaki ng'ambo ya mstari. Leonida, aliyewafundisha wanawake wale kushona, akazigeuza zile habari kuwa mchezo. Karani Martini wa ofisi ya wilaya akawaandikia kibali: ngoma ya akina mama, saa nane hadi saa kumi. Neno mchezo halikuwamo kwenye fomu za serikali, na mkutano bila kibali ulikuwa kifungo.

Marijani mwenye duka alimtolea mgeni kiti, akakiweka mbele kabisa. Bwana Shauri akaketi, akakunja nne. Leonida akatoka nyuma ya pazia.

Watu waliangua kicheko. Kisha mmoja mmoja wakamwona aliyeketi kitini, kicheko kikafa. Leonida akaburuta kijiti mchangani na kutangaza: "Huu ndio mpaka. Ng'ombe huku, wanyama wa porini kule." Wanawake wawili waliojifunga shuka rubega kama Wamasai wakasogea na ng'ombe wao wa kufikirika, wakifukuzwa hatua kwa hatua.

Ndipo mzee mmoja akatoka katikati ya watazamaji. Wengi walimfahamu: Tajewo, aliyehamishwa pamoja na watu wote wa boma lake la Serengeti. Akauvuka mstari wa mchangani akiwa ameshika fimbo yake, akaja moja kwa moja hadi mbele ya Leonida. Macho yake yalikuwa mekundu.

Jambo hili halikuwamo kwenye mchezo.

Leonida alitaka kusema, mzee wangu, ni mimi, mama wa kushona. Fimbo ikainuka kabla hajafungua kinywa. Akaona Piusi akilichana pazia ili atoke, akafumba macho.

Fimbo ikagonga ukingo wa kibuyu. Kofia ikaruka, ikabingirika mchangani. Kichwa hakikuguswa.

"Okota kofia yako, bwana," Tajewo alisema. "Nina swali."

Leonida akainama, akaiokota, akaivaa. Sasa alijua kwamba mzee anajua ni nani aliye chini ya kofia.

"Uliza," alisema kwa sauti ile ya bwana.

"Ng'ombe wangu watakunywa wapi?"

"Serikali itachimba kisima."

"Lini?"

Watu wote wakageuza shingo kutazama kitini, kana kwamba wamevutwa na kamba moja. Bwana Shauri akaiva uso. Labda ni mazoea tu ya mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi, maana jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Kabla ya masika!"

Mnong'ono ukapita, ukakatika. Bwana Shauri akasimama.

"Kibali kiko wapi?" Martini alikitoa mfukoni kimelowa jasho, Bwana Shauri akakisoma. "Hiki ni cha ngoma. Ngoma iko wapi? Mtu mmoja anahutubia, mwingine anauliza maswali. Huu ni mkutano!"

Leonida alivua kofia.

"Bwana, kwenye mkutano mtu husema lake. Mimi nimesema lako, na hakuna hapa asiyejua kwamba mimi ni Leonida. Hata mzee huyu, kwa hasira zote alizonazo, amepiga kofia akaacha kichwa. Angekuwa mkutanoni, ningekuwa nimelala hapo chini."

"Alikuuliza swali, nawe ukamjibu."

"Alimwuliza mtu asiyekuwepo. Kisha aliyekuwepo akajibu. Kama ni mkutano, bwana, hata wewe umehutubia, na kibali chako hatujakiona."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Bwana Shauri alimkazia Leonida macho. Halafu akakichana kibali vipande viwili. Mchezo ule usirudiwe, alisema, hadi uandikwe wote na kupelekwa bomani, ofisini kwake. Landrova ikaondoka na vumbi lake.

Leonida akaketi pale pale mchangani. Tajewo akachuchumaa karibu yake.

"Nimekwenda kwake mara tatu," alisema. "Kila mara karani ananiambia nisubiri nje. Leo amejibu."

"Huenda amedanganya, mzee."

"Huenda. Lakini mmesikia wengi."

Masika yalikuja, yakapita, kisima hakikuchimbwa. Tajewo akarudi Karatu na wazee wanne, wakawaomba wanawake wa mahindi wafuatane nao bomani kuwa mashahidi. Piusi hakupenda. Asubuhi ya safari alizunguka nyumba mara mbili, kisha akamfungia Leonida viazi vya njiani.

Bomani Martini alifungua daftari la malalamiko, akauliza kwa sauti ya kazini, kama hawafahamiani:

"Ahadi hiyo ilitolewa wapi? Mkutanoni?"

"Mchezoni," alisema Leonida.

Martini alitazama mlango uliofungwa wa ofisi ya Bwana Shauri. Kisha akachovya kalamu winoni, akaliandika neno hilo.