Sikio la Luteni

Massoudi hakumwomba Luteni Bonfils aje kujifunza gitaa. Luteni alikuja mwenyewe, alasiri moja ya Juni mwaka 1995, akasimama mlangoni pa nyumba ya Massoudi kule mtaa wa Buyenzi akiwa ndani ya magwanda, bunduki begani na gitaa mkononi.

"Mzee, ni we ulikuwa unapiga jazi kwenye hoteli ya Rohero," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Mi nilikuwa nasimama pale mulangoni, bado niko mwanafunzi wa jeshi. Nataka unifundishe. Mi na we tu, watu wengine apana."

Mwenye bunduki akisema anataka, aliyeambiwa hana la kujadili. Massoudi hakumwuliza gitaa amelitoa wapi. Mwaka ule vitu vingi mjini vilihama nyumba bila wenyewe. Alimwambia aje kila Alhamisi, saa tisa, kabla watu hawajaanza kukimbilia majumbani kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku.

Ingekuwa hofu ya kawaida, angeizoea. Lakini nyuma ya sebule ile, upande wa pili wa pazia la kitenge, kulikuwa na stoo ambamo mkewe Mwavita aliweka madumu ya mawese na magunia ya maharage, na nyuma ya magunia hayo aliishi Marcellin. Marcellin alikuwa mpiga besi wa bendi yao kwa miaka yote ya hoteli. Alikuwa Mhutu wa mtaa wa Kamenge. Jeshi lilipoingia Kamenge kuwasaka Wahutu na watu wakatimka kuelekea milimani, yeye alikimbilia upande ambao hakuna aliyeutazamia: alishuka mjini, akabisha hodi kwa Massoudi akiwa na kiatu kimoja. Massoudi alimfungulia. Tangu hapo yeye na mkewe walijua kwamba siku Marcellin atakapoonekana, hatachukuliwa peke yake; wataondoka wote watatu.

"Mukataze," Mwavita alinong'ona baada ya somo la kwanza. "Sema vidole vinakuuma."

"Nikimukataza atauliza sababu. Akianza kuuliza, tumekwisha."

Basi luteni akaendelea kuja. Bunduki aliiegemeza ukutani, karibu na lile pazia, kisha akakaa kwenye kiti kifupi na kuanza kuhangaika. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mipini ya miiko. Massoudi alimwanzisha kwenye akodi, ile mikamato ya vidole inayotoa sauti nne kwa mara moja, na kwa wiki kadhaa hakikutoka kitu ila mikwaruzo. Nje, mafundi wa magari wa Buyenzi walikuwa wakigonga mabati kutwa nzima, na Massoudi alimshukuru Mungu kwa kila nyundo. Kelele zile zilifunika kikohozi, zilifunika mkeka unaokwaruza sakafu.

Kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa mwalimu kweli. Alipoona vidole vinachelewa, aliamua kuanza na masikio. Alimgeuzia luteni mgongo ili asione mkono, akapiga akodi moja na kuiacha ilie.

"Unasikia nini?"

"Gitaa."

"Gitaa tunaisikia wote. Iko sauti ngapi ndani?"

Luteni hakujua. Wiki iliyofuata hakujua. Halafu siku moja alifumba macho hadi akodi ikafifia yote, akasema, "Iko nne. Ile ya pili kutoka chini inajificha, kama haitaki tuisikie." Akafumbua macho na kucheka kama mtoto. Massoudi naye alijikuta anacheka. Hilo lilimwumiza baadaye, kwamba alifurahi. Mwanafunzi anapofunguka, moyo wa mwalimu haungoji ruhusa.

Mwavita ndiye aliyelisema usiku ule, akichambua mchele. "Unamunolea kisu, Massoudi. Kila Alhamisi unamufundisha kusikia vitu vyenye kujificha. Ndani ya nyumba hii."

Alhamisi iliyofuata Massoudi alijaribu kurudi nyuma. Alimpa luteni nyimbo za kuchapa nyuzi zote kwa nguvu, za harusi, zisizohitaji sikio. Luteni alipiga mara mbili, akalilaza gitaa mapajani.

"Mwalimu, kwa nini unanirudisha kule nilitoka?"

"Ni kwa ajili ya kulegeza mukono, liyetena," Massoudi alimwambia luteni.

"Mukono wangu umelegea. Tuendelee na yale ya kusikiliza."

Alimtazama Massoudi zaidi ya ilivyohitajika. Wakaendelea.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo vijana wa siasa walifunga mji kwa mgomo. Walipanga mawe na matairi barabarani, wakaapa kumpiga atakayefungua duka au kwenda kazini. Buyenzi nzima ikanyamaza. Hakuna nyundo, hakuna injini, hata watoto walifungiwa ndani. Massoudi alijipa moyo kwamba siku kama hiyo hakuna mtu atakayekuja kujifunza gitaa. Saa tisa luteni alibisha. Vijana wa vizuizini hawakuwa na ubavu wa kumzuia ofisa.

Mwavita aliketi mlangoni na ufumaji wake. Massoudi alichagua wimbo wa polepole, luteni akishika mstari wa juu, yeye akiweka akodi chini. Na kwa mara ya kwanza wimbo ulikwenda. Luteni alikuwa na pupa, akikaribia mwisho wa mstari aliukimbilia, lakini ulikwenda. Walipofika katikati, luteni akatulia ghafla, kama mtu aliyeshikwa bega, akaanza kuingia mahali panapostahili. Massoudi akashangaa kilichomtuliza. Halafu akakisikia. Nyuma ya pazia kidole kilikuwa kinagonga ubao, taratibu, kwenye mpigo wa pili na wa nne, kama Marcellin alivyokuwa akigonga jukwaani kuwarudisha wapigaji wenye haraka.

Luteni aliziba nyuzi kwa kiganja. Massoudi akaacha. Kidole kikagonga mara mbili zaidi, peke yake, ndipo kikakoma.

Bunduki ilikuwa pale ukutani. Mwavita alikuwa ameshika sindano hewani.

"Ule mutu iko na mupigo muzuri," alisema luteni.

"Mutu gani, liyetena?"

"Mwalimu. Ni we uliniambia nisisikilize sauti ya juu peke yake."

Mwavita akasimama. "Ni kaka yangu. Ametoka Uvira, iko mugonjwa, analala. Homa inamufanya agonge-gonge."

Luteni alimtazama Mwavita, kisha pazia, kisha bunduki yake, kwa utaratibu huo. Massoudi alikuwa akipima hatua kati ya kiti chake na ukuta, huku akijua kwamba hata akiifikia ile bunduki hajui inavyofunguliwa.

"Tuanze tena kwa mwanzo," luteni akasema.

Walianza tena kwa mwanzo. Walipiga wimbo wote hadi mwisho, na safari hii nyuma ya pazia hapakusikika hata pumzi. Luteni akainuka, akachukua bunduki, akamshika Massoudi mkono kwa heshima kama siku zote. "Alhamisi," alisema, akaondoka.

Mwavita alikuwa wa kwanza kuingia stoo. "Kwa nini, shemeji? Kwa nini?"

Marcellin alikuwa ameukumbatia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Alikuwa anakimbia," alisema. "Sikujua kama nimegonga. Nisamehe, Mwavita. Alikuwa anakimbia na wimbo."

Hawakungoja Alhamisi. Asubuhi ya pili, Ijumaa, Shakuru, fundi jirani aliyekuwa akienda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kutafuta vipuri, aliwapakia Marcellin na Massoudi kwenye Toyota yake. Marcellin alivaa kanzu na kofia, na mfukoni alikuwa na kitambulisho cha Twahiru, marehemu kaka yake Mwavita, ambacho picha yake ilikuwa imefifia vya kutosha. Massoudi alikataa kubaki. Alisema mgeni hatoki nyumbani kwake peke yake kama mwizi.

Walipita Zone Industrielle, eneo la viwanda, bila kusimamishwa. Kwenye kizuizi cha Gatumba, karibu na mpaka, mwanajeshi mmoja alikigeuza kile kitambulisho juu chini.

"Twahiru. We mwislamu?"

"Ndiyo, afande."

"Soma basi kidogo. Ile mnasomaga kila siku."

Shakuru alikaza mikono kwenye usukani. Massoudi alitazama mbele na kumwomba Mungu amsamehe yeye na awasamehe wote. Marcellin, mtu wa kwaya ya kanisa tangu utoto, akainamisha kichwa na kuanza Fatiha. Aliisoma yote. Aliisoma kwa sauti ya Mwavita, kwa vituo vya Mwavita, akivuta mwisho wa kila aya kama Mwavita alivyovuta alfajiri na magharibi upande wa pili wa pazia. Massoudi alimsikia mkewe ndani ya koo la rafiki yake, machozi yakamjaa, akajifanya amepigwa na vumbi.

"Amina," akasema mwanajeshi, akawarudishia karatasi.

Upande wa pili wa mpaka, Marcellin alimkumbatia Massoudi, akajichanganya na watu. Jioni ile Massoudi alirudi Buyenzi na Shakuru.

Alhamisi luteni alikuja saa tisa. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni, stoo inaonekana yote, madumu na magunia. Alisimama akaiangalia.

"Ameenda?"

Massoudi alichoka kudanganya. "Ameenda."

"Mi nilikuja anionyeshe ule mupigo." Luteni alikaa, lakini gitaa hakulishika. "Wiki yote nimekaa nao hapa kichwani. Nilifikiri leo atatoka, tupige watatu. Ungeniuliza, mwalimu."

"Ningekuuliza namna gani, liyetena? Na bunduki iko pale."

Luteni aligeuka akaitazama bunduki ukutani, kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye shati lake. Mafundi walikuwa wamerudi kazini, nyundo zikilia mtaa mzima. Mwavita, aliyekuwa jikoni, alimwambia mumewe baadaye kwamba yule mtu ni mwongo, kwamba alitaka tu kuwatoa maneno. Massoudi alisema huenda. Kwa kweli hakujua, wala hakupata kujua. Mwezi wa tisa luteni alipelekwa vitani upande wa Cibitoke, na hakuna aliyeleta habari zake.

Lakini siku ile Massoudi alichukua gitaa lake. Lile lingine alimsogezea luteni.

"Shika," alisema. "Na leo usikimbie."