Bonge Anayepungua

Ramona Villaseñor alikuwa bonge tangu utotoni, na mjini Oakland, Marekani, ndiko alikojifunza kulitamka neno hilo bila kuinamisha kichwa. Yeye na rafiki yake Tovah walianzisha kikundi cha kuogelea cha wanawake wanene, wengi wao wanawake wapendao wanawake kama wao. Walijiita Mabonge. Kila Jumapili, kabla ya kujitosa bwawani, walipiga ukelele: "Hatupungui kwa ajili ya mtu!" Ukelele huo aliutunga Ramona mwenyewe.

Sasa alikuwa anapungua.

Sukari ilimpanda. Mama yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo daktari alipotaja sindano ya kila wiki, Ramona hakubisha. Hamu ya chakula ikamtoka, na mwili ukaanza kuyeyuka. Mkewe, Geri, alijua. Mabonge hawakujua.

Jumapili moja vazi lake la kuogelea likampwaya hadi likamteleza begani. Tovah akamvuta pembeni.

"We Ramona, unaumwa?"

"Mawazo tu, dada. Kazi."

Njia ya mwongo ni fupi. Siku chache baadaye Tovah alibisha hodi kwao na sufuria ya supu ya kuku, macho yamemwiva. Mwenzao Lucinda naye alianza kwa nguo kumpwaya vivyo hivyo, kansa ikamchukua.

"Usinifiche," alisema Tovah. "Tumeshapanga zamu za kukupikia. Ni kansa?"

Geri alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. "Mwambie, mpenzi. La sivyo namwambia mimi."

Ramona akamwambia.

Tovah alibaki amesimama na sufuria yake mkononi. "Sindano ya kukonda. Wewe! Bora ingekuwa..." Akaumeza mwisho wa maneno, lakini wote watatu walikuwa wameshausikia.

"Ni ya sukari," alisema Ramona.

"Sasa sukari ni aibu? Ulificha nini?"

Hapo Ramona akakamatika.

"Nilificha kwa sababu naipenda! Juzi nimefunga kamba za viatu bila kuhema, nikafurahi. Yule kijana wa dukani ambaye hajawahi hata kunitazama akanifungulia mlango, nikafurahi pia, halafu nikatamani kumzaba kofi. Miaka yote nawaambia wasichana miili yao si ya kumpendeza mtu, leo mimi najigeuzageuza mbele ya kioo. Na wala sijui kama Geri bado..."

"Bado nini?" Geri akadakia.

"Ulinipenda tipwatipwa."

Geri alichelewa kujibu, na kuchelewa kule kukamchoma Ramona kuliko sindano zote.

"Nalikumbuka tumbo lako," Geri alisema hatimaye. "Siwezi kukudanganya. Lakini nakutaka hai. Mengine nipe muda, na mimi najifunza."

Tovah akatua sufuria jikoni. Hakuaga vizuri. Mlangoni akasema, bila kugeuka, "Jumapili uje. Ukelele ataongoza mwingine."

Jumapili ilipofika, Ramona alikwenda. Ukelele ulipopigwa, alifungua kinywa, sauti ikagoma. Akajitosa. Zamani maji yalimbeba kama mto wa kulalia. Siku hiyo, aliposita kidogo tu, miguu ikazama, ikambidi aipige kwa nguvu. Tovah akaja akaogelea sambamba naye. Walipofika ukingoni wakageuka pamoja.

Habari za sindano zilikuwa zimeshawafikia Mabonge wote. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwenzao Philippa alimsogelea. Huyu ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote katika kuwacheka wanaojinyima chakula.

"Eti," alinong'ona, "hiyo sindano inauma?"

Ramona akatupa jicho mlangoni. Nje Tovah alikuwa akicheka na wenzake.

"Kidogo," akajibu. "Kaa hapa nikueleze. Na mabaya yake nitakueleza."

Philippa akaketi, ameshikilia taulo kifuani kwa mikono miwili, akimtazama kwa hamu. Ramona hakujua aanzie wapi.