Mstari Nilioufuta

Kazini kwetu tunatunza joto. Kuna faili moja lenye joto la hewa la miaka kumi na miwili, kwa kila saa, kwa kila kimo kutoka ardhini, na kwa kila mraba wa kilomita moja. Ukilifungua kwenye kompyuta ya kawaida, kompyuta inaganda kama imeona jini.

Mwenye dhamana ya faili hilo alikuwa mwenzangu mmoja tuliyembandika jina la Kobe, maana hakuna aliyewahi kumharakisha. Jina lenyewe alilijua, na lilimchekesha.

Mwaka jana maafisa wa kilimo walilihitaji. Walitaka kuchora ramani ya jalidi, ile baridi ya alfajiri inayogandisha umande na kuunguza mimea, ili wakulima wajue wapi ni salama kupanda mapema. Kompyuta zao hazikuliweza, kwa hiyo ilibidi tulipunguze: miraba ya kilomita moja iwe ya kilomita kumi. Siku hiyo hiyo Kobe alikuwa anaanza likizo, mama yake anafanyiwa upasuaji. Aliniita mezani kwake, begi lake likiwa tayari begani.

"Tumia ile programu ya kuandika amri," alisema. "Utaiambia kila mraba mkubwa uchukue joto la chini kabisa kati ya ile midogo mia iliyomo ndani. Itachukua siku mbili. Ile nyingine ya vitufe achana nayo, inapiga wastani bila hata kukuuliza."

"Sawa, kaka. Msalimie mama."

Nilijaribu amri zake asubuhi nzima. Kila nikikosea nukta moja, naambiwa nianze upya. Saa sita mkuu wa kitengo akapita, akachungulia kioo cha kompyuta yangu. "Na wewe umeambukizwa ukobe?" akauliza, akaenda zake akicheka.

Maneno yale yaliniingia. Nikafungua ile programu ya vitufe, nikachagua ukubwa nilioutaka, nikabonyeza. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Ramani ikatokea laini, rangi zake zinapendeza. Mkuu aliposikia kwamba faili limeshatumwa, alinisifu mbele ya ofisi nzima, nami nikavimba kichwa. Sikuwa nimesahau alichoniambia Kobe. Nilikumbuka kila neno.

Miezi miwili baadaye, asubuhi naswaki, shangazi yangu akanipigia. Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na analima viazi kwenye bonde jembamba kati ya vilima viwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shamba limeungua."

"Moto?"

"Baridi. Majani yamekuwa meusi kama yamechemshwa. Na si mimi tu, bonde zima. Ile ramani yenu ilisema huku hakuna shida. Mimi ndiye niliyewaambia majirani wapande, nikawaambia hiyo kazi ya mwanangu, hawezi kukosea."

Nilisema pole mara nyingi sana. Nilipokata simu, povu la dawa ya meno lilikuwa limenikaukia kidevuni.

Nilielewa kilichotokea kabla hata sijafika ofisini. Usiku usio na upepo, baridi huteremka na kutuama mabondeni. Bonde la shangazi halifiki kilomita mbili kwa upana. Programu ilichukua baridi ya bonde ikaichanganya na uvuguvugu wa vilima, ikapata bonde la katikati, lisilo baridi wala joto, bonde ambalo halipo duniani.

Maafisa wa kilimo walikuwa wameshalalamika, na mkuu akaitisha kikao cha mchana. Nikawahi kompyuta. Mafaili ya aina hii yana kumbukumbu ndani yake: kila anayeligusa faili, programu inaandika mstari mmoja, tarehe, saa, mtumiaji na alichofanya. Mstari wangu ulikuwepo, umeandikwa vizuri kabisa, na neno "wastani" mwishoni. Kuna programu ndogo ya kuhariri maelezo hayo. Nikaufuta. Haikuchukua hata dakika.

Kikaoni mkuu akamgeukia Kobe. "Faili ni lako. Nani aliagiza lipunguzwe hivi?"

Kobe alinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akaangalia mikono yake. "Liko chini yangu," alisema. "Lawama ni yangu."

Kesho yake akahamishiwa chumba cha kunakili karatasi za zamani, hakuna dirisha, feni inalia kama paka. Niliapa ningesema Jumatatu. Jumatatu ikapita. Kila nikipishana na Kobe kwenye ngazi, naye anajua shangazi yangu analima bonde lile, ananiuliza, "Shangazi anaendeleaje?" nami najibu hajambo, namshukuru, nakimbia.

Siku ya kumi na moja nikasukuma mlango wa chumba kile.

"Kaka, sikufuata ulivyoniambia. Nilitumia vitufe. Halafu nikafuta mstari."

Hakushtuka. Aliweka karatasi pembeni. "Najua. Uliufuta kwenye faili letu. Nakala uliyowatumia kilimo bado inao. Niliiomba kabla ya kikao."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Sikujua ungenikalisha humu siku zote hizi."

Ningefurahi kama angenitukana.

Nilikwenda kwa mkuu peke yangu. Kobe akarudishwa kwenye meza yake, akalipunguza faili upya kwa siku mbili zake, ramani ikarekebishwa na barua za kuomba radhi zikatumwa kwa wakulima. Mimi nilinyang'anywa ruhusa ya kugusa data kwa mwaka mzima, nikashika nafasi yake kwenye kile chumba cha karatasi. Nilistahili.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta anang'oa mashina yaliyokufa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na ule mstari.

Alisikiliza hadi mwisho, akajinyoosha mgongo. "Baridi ya bonde hili naijua tangu sijaolewa," alisema. "Mwezi ule nilikuwa sijawahi kupanda hata mara moja. Niliacha ninachokijua kwa sababu ni wewe."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye tuta la pili, nikaanza kung'oa. Hakunifukuza. Hakuniita mwanangu pia, si siku ile, wala kwenye simu zilizofuata. Kobe naye ananisalimia vizuri kila asubuhi, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni.