Dari ya Marlys Haugland

Jumatano ile Marlys Haugland alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mpya mara kumi na moja bila sababu yoyote. Kila mara alisimama katikati, akainua uso kuzitazama boriti, akacheka peke yake. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, kiongozi wa kwaya ya Walutheri, anachekea mbao! Lakini mtu aliyeishi miezi saba ndani ya karavani na mume anayekoroma kama trekta ana haki ya kuwa mwehu kidogo.

Boriti zenyewe hazikuwa zile nene za mababu. Zilikuwa za siku hizi: kibao chembamba katikati, mti mmoja juu na mwingine chini, ukizitazama kwa mwisho wake unaona herufi I. Nyepesi, zimenyooka, hazilii mtu akitembea juu yake. Ila moto ukizifikia hazikawii kukatika, na sakafu hushuka na aliyesimama juu. Ndiyo maana sheria inataka zikingwe kwa chini, na ndiyo maana Marlys na mumewe Delmar walikuwa wakigombana tangu Agosti.

"Tuweke mabomba ya kunyunyiza maji," Delmar alikuwa akisema. "Moto ukiwaka tu, mvua."

"Na bomba likipasuka kwa baridi? Tutaogelea na viazi vyetu. Tuweke pamba ya mawe, ile isiyoungua."

"Ikuwashe mpaka Krismasi. Bora tungenunua boriti zilizopakwa dawa ya moto kiwandani."

"Tungenunua, mume wangu! Si wewe uliyesema hizo ni boriti zilizojipodoa?"

Mwisho wakaangukia kwenye bodi za jipsamu za nusu inchi, kama majirani wote.

Kilichobaki ni mkaguzi. Arvid Nyhus ndiye mkaguzi wa majengo hapa Torvik, na ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea, maana mji wetu una kofia nyingi kuliko vichwa. Alikuwa amewaambia waziwazi: Ijumaa asubuhi nizione boriti zikiwa tupu, nione kama mafundi hawakuziharibu. Kisha mfunike. Saa kumi jioni nitapita tena niwape cheti, mhamie. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, na msimu wa kulungu ukianza Minnesota hata maiti husubiri. Wakiikosa Ijumaa, ni siku kumi na sita nyingine za karavani, na maji ya kunywa yalikuwa yameanza kuganda kwenye ndoo.

Alhamisi asubuhi LaVonne Brekke wa sauti ya pili kwayani akapiga simu.

"Marlys, mwenzangu, tuje leo tukupandishie zile bodi?"

"Aa, hapana, msijisumbue."

"Usumbufu gani? Wanaume wamekaa tu wanasugua bunduki."

"Hapana jamani, kweli tena."

"Basi tutakuja mara moja tu."

"Msihangaike, LaVonne, nawaombeni."

Mgeni angesema huyu amekataa. Kwetu, kukataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni adabu zaidi, na mara ya tatu ni kukubali. Ndivyo tunavyopokea kahawa, ndivyo tunavyoposwa. Marlys alilijua hilo tangu akinyonya, ila safari hii alikuwa anakataa kweli, na kukataa kweli hakukuwa na maneno yake. Akajiambia LaVonne ameelewa. Akaondoka na Delmar kwenda mjini kununua taa za bafuni, akiimba njia nzima.

Waliporudi saa tisa walikuta magari tisa uani. Chini kulikuwa na nyimbo, kahawa, na bakuli kubwa la viazi na nyama ya kusaga lililookwa. Juu, ukuta hadi ukuta, bodi zilikuwa zimepanda zote. Haikuonekana boriti hata moja. LaVonne alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, nyundo kiunoni, anang'aa kwa furaha.

"Unaonaje, bibi wee?"

Marlys aliitazama dari kona hadi kona. "Mmejitaabisha mno," akasema. "Imependeza."

Delmar akamvuta pembeni. "Waambie."

"Niwaambie nini, na wameleta keki?"

"Basi niwaambie mimi."

"Utawaambia na mdomo upi? Hicho ni kipande cha tatu!"

Na kweli hakuna aliyeambiwa. Tena Ijumaa asubuhi walirudi wote, watu kumi na wanne na maandazi, kushuhudia cheti kikitolewa. Arvid alifika na kizibao cha rangi ya machungwa, bunduki na mahema yamejaa garini. Mkewe Corinne alibaki humo na kikombe cha kahawa, injini ikinguruma, wakiwa tayari kwa safari ya porini jioni hiyo. Arvid akashuka ngazi, akatazama juu.

"Dari nzuri," akasema.

"Nzuri sana," wakaitikia watu kumi na wanne.

"Imewahi kidogo."

LaVonne alielewa, na uso ukamwiva mpaka masikioni. Arvid akajikuna shingo. Kumwambia mtu hapana mbele ya maandazi ni jambo ambalo hata yeye hakuliweza.

"Fundi bomba wenu ni nani, shemeji?"

"Mmoja wa kule mbali," Marlys akajibu. "Alikuwa na haraka."

"Aha. Sawa. Basi mimi nitasaini tu." Akacheka ili kumchangamsha. "Siku nyumba ikiungua, si ni mimi nitakayepita hapo juu gizani? Na mimi nimeridhika."

Marlys alikiona kitanda chake. Aliona beseni la kuogea, maji ya moto hadi shingoni, kuta zisizotikiswa na upepo. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye buti za Arvid, buti kubwa nzito, na hakuweza kuyaondoa hapo. Akaogopa, kuliko alivyoogopa baridi.

"Hapana, Arvid. Usisaini."

Arvid akatabasamu. Adabu hiyo. "Si taabu, shemeji."

"Hapana, nakwambia."

"Dakika moja tu."

"Hapana!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Arvid akashusha pumzi, kama mtu aliyekubaliwa, akatoa kalamu.

Marlys akaona amekwisha. Akaichomoa nyundo kiunoni mwa LaVonne, akapanda juu ya ndoo ya skrubu, akaipigilia dari yake kwa nguvu zote. Nyundo ikazama. Kipande cha bodi kikamwangukia kichwani, vumbi likammwagikia kama unga wa ngano, na katika ule unga likatoka cheko ambalo kwaya haijawahi kulisikia.

"Bomoeni!" akapiga kelele. "Bomoeni yote, nawaambieni, na simaanishi kingine!"

Wa kwanza kurukia alikuwa LaVonne, kwa mikono mitupu. Wakafuata wote. Walioipandisha kwa zaburi waliishusha kwa vifijo, wakipiga chafya, wakisukumana, mzee mmoja akichezesha mabega kila kipande kilipoanguka. Delmar alikula andazi lenye jipsamu akasema lina ladha.

Kisha Delmar huyohuyo akasema, "Hebu nyamazeni."

Alikuwa amesimama chini ya bafu. Arvid akapanda ngazi. Sheria ya boriti hizi ni moja: toboa kibao cha katikati utakavyo, kwa kipimo, lakini mti wa chini usiuguse kamwe, maana bila huo boriti haibebi mtu. Fundi bomba alikuwa ameukata mzima, boriti mbili, apate kupitisha bomba la beseni. Arvid alipitisha kiganja chake chote kwenye pengo. Akashuka, akazitazama buti zake.

"Mpaka mhandisi aje," akasema. "Siwezi kusaini, Marlys."

"Najua."

"Ni baada ya kulungu."

"Najua, Arvid."

Marlys akapanda juu, akatoka nje akiwa mweupe kama mzimu. Theluji ilikuwa imeanza. Corinne akashusha kioo.

"Vipi, mmepita?"

"Tumefeli!" Marlys akasema, anacheka, machozi yanachora njia kwenye vumbi la uso. Akaingiza mikono yote miwili dirishani akamkumbatia, na kwetu watu hawakumbatiani hovyo. Kahawa ikammwagikia Corinne mapajani.

"Kuna nini, Marlys? Jamani, kuna nini?"

Marlys hakumwambia. Alizidi kumkaza.