Nusu Kidonge

Gervasi Sulle alikuwa amelala chali chini ya kombaini, bomba la grisi kifuani, akiusikiliza moyo wake. Haukuwa ukikimbia. Aliusikiliza kama mtu anavyomsikiliza mbwa wa jirani aliyewahi kumng'ata. Hata kimya chake hakukiamini. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kumi na moja ya dawa.

"Wewe fundi grisi!" Nikolausi aliita kutoka upande wa magurudumu. "Umelala huko, au umeoa mashine?"

"Nimeoa. Na mahari nimemaliza."

"Basi mtoe nje mkeo. Jumatatu anakwenda shamba."

Gervasi alicheka, na kicheko kikamshangaza kwa jinsi kilivyotoka bila kusukumwa. Akaingiza mdomo wa bomba kwenye nipeli ya mwisho, kitundu cha kupitishia grisi, akakandamiza mpaka grisi ya zamani, nyeusi kama lami, ikatoka pembeni ya beringi, na mpya, rangi ya asali, ikaifuata. Akaifuta kwa tambara. Miaka tisa alikuwa mtu wa kukaa juu ya mashine hii, si chini yake. Kutoka kwenye kile kiti unaiona ngano yote ya serikali, imelala tambarare mpaka miguuni mwa mlima Hanang, na katikati yake uko wewe peke yako na kelele zako.

Huko juu ndiko hofu ilikomshikia.

Ulikuwa mwanzo wa mavuno. Hakukuwa na shimo mbele, wala nyoka, wala mtu. Mashine ilikuwa inakata vizuri. Mara kifua kikafunga kama mfuko uliokazwa kamba. Mikono ikawa si yake. Mbingu ikashuka, na akajua, kwa uhakika ambao hajawahi kuwa nao juu ya jambo lolote, kwamba anakufa. Alizima injini, akaruka chini, akaketi ndani ya ngano mpaka Landrova ya msimamizi ilipomkuta. "Mgongo," alimwambia Hermani, msimamizi wa madereva. Kesho yake ikaja tena. Keshokutwa ilimshika kabla hajapanda hata ngazi.

Kwenye hospitali ya misheni kule Mbulu, tabibu mmoja, sista mtawa aitwaye Angela, aliusikiliza moyo wake mbele na nyuma, akasema ni mzima.

"Hiyo ni hofu," alisema. "Hofu nayo ni ugonjwa, baba, usione haya. Kuna jambo limetokea nyumbani?"

"Hakuna."

Tabibu alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akahesabu vidonge saba vya diazepamu kwenye karatasi ya kaki, maana bahasha za dawa zilikuwa zimeadimika kama sukari. Nusu kila jioni, siku kumi na nne. Halafu akaanza makatazo, na sauti yake ikabadilika kama ya mama anayempa mtoto kisu.

"Hizi si pipi. Usipande mashine mpaka umalize. Zinalegeza mwili hata ukijiona uko macho. Pombe usiguse, hata tone. Pombe na dawa hii zikikutana mtu anaweza kulala asivute tena pumzi. Nimewahi kumfunika mmoja. Usimpe mtu mwingine, hata mama yako mzazi. Na zikiisha usiende kutafuta nyingine mitaani. Mwili ukizizoea, kuziacha ni vita. Siku ya kumi na nne njoo nikuone."

Gervasi alishika yote. Hermani, aliyeamini habari ya mgongo, alimpa wiki mbili za karakana, lakini alimwonyesha kidole. "Siku ya kumi na tano uwe juu ya kiti. La sivyo nampa mwingine kiti, na chumba cha kotazi kinakwenda na kiti. Unanielewa?" Alielewa. Kila jioni alikigawa kidonge kwa ukucha wa dole gumba, akameza nusu kwa maji, akaifungia nusu nyingine kwenye karatasi. Siku ya nne alilala mpaka kengele ya asubuhi. Siku ya nane alipanda ngazi ya kombaini iliyozimwa, akakaa kitini, akashuka. Hakuna kilichotokea. Jumatano ijayo angekaa pale injini ikinguruma.

Lakini kabla ya Jumatano kulikuwa na Jumapili, na Jumapili ilikuwa nyumbani kwa Bura.

Bura alikuwa dereva mkongwe kuliko wote. Kila kipande cha shamba kilipomalizika kuvunwa mke wake alipika pombe ya ulezi, na madereva, karibu wote watoto wa Mbulu, walikunywa kutoka kibuyu kimoja, kikianzia kwa mkubwa na kuzunguka. Kutokwenda kungesemwa. Gervasi alikwenda na uongo wa tumbo mdomoni, akijua njiani kwamba hautafika mbali. Mtu wa tumbo hulowesha midomo. Mtu wa malaria hulowesha midomo. Hata padri, alipopita pale mwaka jana, alilowesha midomo. Kwa watu wale ni mtu wa aina moja tu anayekiacha kibuyu kimpite: mtu aliye katika metimani.

Hakuna aliyehitaji kumfafanulia mwenzake neno hilo. Mtoto akifia tumboni, nyumba ile inajitenga. Hawaombi moto kwa jirani, hawachangii chombo, hawakanyagi mazao ya mtu, mpaka wazee wawafungulie. Anayevunja mwiko huo anapeleka kifo kwenye nyumba za wenzake, mlango kwa mlango.

"Shikamoo, mzee Bura."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mgongo?"

"Unapoa."

"Hajambo huyu, jana kaniambia ameoa," Nikolausi alisema, akimshika bega na kumketisha ubavuni mwake. Wanaume wakacheka. Kibuyu kikatoka kwa Bura, kikapita kwa Hermani, kikapita kwa wengine wawili, kikafika kwa Nikolausi, ambaye alikunywa kwa kelele na kukisogeza. Gervasi aliacha mikono yake magotini.

"Shika basi. Kizito hiki."

"Sinywi leo. Niko kwenye dawa."

"Dawa gani isiyopatana na ulezi? Ya minyoo?"

Gervasi akatoa karatasi ya kaki mfukoni. Hermani aliyasoma maandishi ya tabibu, akayarudia kimoyomoyo, kisha kwa sauti: "Ya kutuliza wasiwasi."

"Wasiwasi!" Nikolausi alipiga paja. "Wasiwasi wa nini, grisi itaisha?"

Walicheka tena, wote isipokuwa Hermani, aliyekuwa bado ameishika karatasi, na Bura, aliyekuwa anamtazama Gervasi.

"Mimi nimemeza klorokwini kwa pombe hii hii," Bura alisema taratibu. "Lowesha midomo tu. Hata mtoto mchanga tunamlowesha."

"Tabibu kasema hata tone."

"Tabibu hayupo hapa."

Kweli, hakuwepo. Gervasi alikitazama kibuyu mikononi mwa Nikolausi, povu limekauka ukingoni. Tone moja labda lisingemuua; nusu ya jana ilikuwa imeshapoa mwilini, nusu ya leo hajaimeza. Angegusa tu, angerudisha, stori zingeendelea, na Jumatano angekuwa juu ya kiti. Lakini baada yake palikuwa na wanaume watatu wanaosubiri zamu, na wawili kati yao wake zao walikuwa wajawazito. Kwa miezi miwili alikuwa amejiambia kwamba ngano ile ni ya serikali, na serikali haina tumbo la kuharibika. Hapa hapakuwa na serikali. Hapa palikuwa na midomo.

"Ni dawa tu, mwanangu?" Bura aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Karatasi ilikuwa na mhuri wa hospitali, na nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli kabisa.

"Si dawa tu."

Nikolausi aliacha kucheka.

"Mwezi wa tano," Gervasi alisema, akiyatazama magoti yake. "Kule nyumbani, Endagikot. Mtoto wa kike. Alizaliwa hana pumzi. Nilipewa ruhusa ya siku tatu, nikarudi kupanda mashine. Sikusema."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Waliinuka tu, mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake, wakaketi mbali kidogo. Nikolausi alikitua kibuyu chini, akaupangusa kwenye suruali mkono uliomshika bega. Aliupangusa mara mbili, pengine bila kujua kwamba anaonekana.

"Hukukishika?" Bura aliuliza.

"Sikukishika, baba."

"Asante."

Matusi angeyabeba. Ile asante ilimlemea mpaka nje ya ua.

Hermani alimfuata hadi kwenye njia, akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole. "Mambo ya mila siyaandiki mimi. Nitaandika dawa. Dereva anayemeza vidonge vya kumlegeza sina kazi naye."

"Zimebaki nusu tatu, bosi. Jumatano niko juu. Hata tabibu atakuandikia."

"Sawa, Jumatano uko juu. Nani atabeba ngano kutoka kwenye kombaini yako? Nionyeshe mmoja. Nani atalala kotazi moja na wewe?" Alivua kofia, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Ungekunywa tu, Gervasi. Au ungenyamaza. Kimoja kati ya hivyo viwili. Watu wengine hamjui kuishi."

Jumatatu asubuhi alipita karakana kurudisha ovaroli. Kombaini ilikuwa bado ndani. Nikolausi alikuwa amelala chali chini yake na kopo la mafuta ya taa, anaosha nipeli zote, moja baada ya nyingine, kwa tambara safi, bila kuruka hata ya ndani kabisa ambayo wavivu huisahau. Gervasi ndiye aliyemfundisha kutoiruka. Alisimama akaitazama kazi ile nzuri mpaka mwisho. Kisha akaitundika ovaroli msumarini na kuondoka.

Malori ya shamba yalimpita kwenye barabara ya Mbulu bila kupunguza mwendo. Alipotembea, moyo ulianza: mara ya kwanza karibu na kijiji cha wafugaji, mara ya pili kwenye mwinuko, ambapo alikaa chini na kupumua kama tabibu alivyomwelekeza, akihesabu hadi nne kuvuta na sita kutoa, huku ng'ombe wa watu wakimtazama. Usiku wa Jumatatu, kama wa Jumapili, alimeza nusu yake. Jumanne, siku ya kumi na nne, aliingia hospitali na kuketi benchini hadi saa nane.

"Sista Angela yuko semina Arusha," karani alisema bila kuinua macho. "Njoo wiki ijayo."

"Aliniambia leo. Dawa inaishia leo."

"Basi ndiyo umemaliza, baba. Ashukuriwe Mungu."

Alifika Endagikot jua likiwa limelalia mgongo wa kilima. Mama yake alimwona toka mbali, akajua siri imetoka, akaingia ndani na kufunga mlango wake kama ilivyompasa kwa mtu wa metimani. Gervasi alizunguka hadi kwenye kibanda cha nyuma. Mkewe, Fabiola, alikuwa ameketi mlangoni kwenye ngozi, mafiga yake mwenyewe mbele yake, chungu chake mwenyewe, kata yake mwenyewe. Nguo zilikuwa zimemlegea mwilini. Hakumuuliza kwa nini amekuja katikati ya mavuno. Alisogea tu, akamwachia nusu ya ngozi.

Chini bondeni watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani, wakisalimiana kwa majina.

"Wamejua?" mwishowe Fabiola aliuliza.

"Nimewaambia mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha. Gervasi akachota maji kwa kata, akafungua karatasi ya kaki juu ya goti. Ile nusu ya mwisho ilikuwa imesagika ukingoni kwa safari, imebaki na umbo la jino la mtoto.

"Ni nini?"

"Ya hofu. Ndiyo inayonilaza."

"Unalala?"

"Nalala."

Fabiola alikitazama kile kipande. Macho yake yalikuwa na wekundu wa muda mrefu, ule usiotokana na moshi.

"Mimi tangu mwezi wa tano sijalala," alisema. "Nafumba macho namsikia anataka kulia. Nangoja alie. Nangoja mpaka jogoo." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe."

"Tabibu kanikataza kumpa mtu. Hakujui, hajakupima. Mtu hupimwa kwanza, Fabi. Twende kwake akupime, akupe yako."

"Twende?" Alizungusha macho: kwenye mtama wa jirani uliokuwa umefika kiunoni, kwenye njia nyembamba iliyokatiza katikati yake, kwenye mashamba mengine na njia nyingine hadi mjini. "Nipite kwenye shamba la nani?"

Moyo wa Gervasi ulikuwa umeanza, taratibu, kama mtu anayebisha hodi ambaye ana hakika utamfungulia. Bondeni mtu aliita mbuzi. Giza lilipanda kutoka mtoni, likaufikia mtama, likaifikia ngozi waliyokalia, na kile kiganja cha mkewe bado kilikuwa wazi kati yao, kinangoja.