Pua ya Lornah

Ukinunua mtungi wa plastiki hapa Nairobi, ukaujaza maji na usipasuke kwenye mshono, huenda ni mimi unayepaswa kumshukuru. Sitanii. Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye meza ya kuchambua chakavu katika kiwanda kimoja huku Riruta, tukigeuza plastiki kuukuu zinazoletwa kwa lori kutoka Ngara kuwa mitungi na mabeseni. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Unakata kipande, unakiwasha kwa kibiriti, unakizima, unavuta moshi wake. Plastiki ya mitungi hunuka mshumaa. Ya viti hunuka kama dizeli iliyotiwa sukari. Ya mabomba haikusumbui, maana inakataa hata kuwaka. Ukikosea ukachanganya ya viti na ya mitungi, mtungi unapasuka njiani na mteja anarudi amelowa, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari. Wenzangu waliniita Daktari, nami sikuwakataza.

Kisha ukaja ule mwaka wa barakoa. Nilishikwa na homa, nikalala siku tisa, nikapona kila kitu isipokuwa pua. Nilingoja mwezi, nikangoja miwili. Nilinusa vitunguu, nikanusa mafuta taa, nikanusa hata soksi za mume wangu, Mungu anisamehe. Sikusikia lolote. Nilirudi kazini nikijifanya mzima, na mtu mmoja tu nikamwambia ukweli.

Lornah nilimtoa Ngara mimi mwenyewe, akiuza vifuniko vya ndoo juani. Nilimwombea kazi, nikamfundisha harufu moja moja, na alipojifungua mtoto wake wa pili mkono aliokuwa ameushika ni wangu. Nilipomweleza habari ya pua alicheka kwanza, kisha akanikumbatia.

"Mama Ivyne, acha uoga. Si pua yangu iko?"

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nawasha kipande, yeye anashika beseni la maji la kuzimia. Anainama kana kwamba anakiangalia kisizime vibaya, ananusa, kisha analiweka beseni chini. Likiwa upande wangu wa kulia, ni ya mtungi. Kushoto, ni ya kiti. Mimi natangaza kwa sauti ya kidaktari. Zaidi ya miaka miwili tulifanya hivyo na hakuna mtungi uliorudi.

Mwaka huu tukaletewa meneja mpya, kijana anaitwa Kibe, shati limenyooka hata saa kumi jioni. Siku moja alitukusanya uani akatuambia kuna mashine inakuja, inachambua plastiki kwa mwanga. Kazi ya meza nzima, watu kumi na wanne, itafanywa na hiyo mashine. Atabaki mtu mmoja tu, wa kukagua vile vipande ambavyo mashine itavitilia shaka. Huyo atapewa barua ya ajira ya kudumu.

Barua! Miaka kumi na mmoja nilikuwa kibarua, naandikwa upya kila Jumatatu getini kama mtu aliyepita tu njia. Nikiugua, shauri yangu. Nina miaka hamsini na mmoja. Nani mwingine angeniajiri? Niliitaka ile barua. Nasema wazi kwamba niliitaka hivyo hivyo na pua yangu ikiwa imekufa.

Kibe akasema Alhamisi kutakuwa na mtihani, na injinia atakuja kutoka makao makuu kule katikati ya jiji kuusimamia. Nilimwomba Lornah anishikie beseni. Nilimwomba Kibe naye aniruhusu kuwa na msaidizi, na akakubali haraka. Haraka mno, naona sasa.

"Nikishaingia, nitakutafutia kitu," nilimwambia Lornah.

"Sawa, Mama Ivyne. Tuko pamoja."

Wala hakuangalia chini. Aliniangalia usoni.

Alhamisi injinia akaja, mama mmoja mpole anayeitwa Nzembi, na vipande kumi kwenye mfuko, kila kimoja na namba. Mtu wa kwanza kuitwa nikawa mimi. Nikawasha cha kwanza. Lornah akainama, akaliweka beseni kulia. "Mtungi," nikasema. Cha pili, kushoto. "Kiti." Nilikwenda hivyo mpaka cha kumi, kifua mbele, hata nikaanza kumweleza Nzembi habari za mshumaa na dizeli, mjinga mimi.

Nzembi alitazama karatasi yake, akavua miwani.

"Mama, umepata vitatu."

Nilidhani amekosea kusoma. Nikacheka. Sikusikia mtu mwingine akicheka.

"Lornah, hebu jaribu wewe," Kibe akasema.

Akajaribu. Aliwasha mwenyewe, akanusa mwenyewe, akataja bila kutetemeka: mtungi, kiti, kiti, mtungi. Vyote kumi. Kila jibu lake lilikuwa msumari, na nilikuwa nimemfundisha mimi jinsi ya kushika nyundo.

Damu ilinipanda kichwani. Nikasema yote pale pale, beseni, kulia, kushoto, miaka miwili, nikamnyooshea kidole. Kama ni kuzama, basi tuzame wote. Nilitaka Kibe ashtuke. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua, Mama. Alikuja ofisini wiki jana akaniambia. Akasema ulikuwa unamlazimisha."

Unamlazimisha! Hilo ndilo lililonikata maini. Kunishinda ningeelewa, hata kunichongea ningejikaza nikaelewa. Lakini yeye aliyebuni ule mchezo, aliyecheka na kunikumbatia, alikwenda akanifanya mkoloni wake. Nilimtazama. Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

Jumamosi mchana akaja nyumbani kwangu, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa peke yangu, nimebandika maharagwe kwenye jiko la gesi kule nyuma ya pazia. Sikumkaribisha, lakini sikumfukuza pia. Alikaa kwenye kile kiti anachokaaga siku zote.

"Mama Ivyne, ningefanya nini? Nafasi ilikuwa moja. Niko na watoto wawili."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniachia?"

"Ningekuachia."

Tukatazamana. Tulijua wote wawili kwamba ni uongo, na hilo lilinichoma zaidi, maana lilimpa haki kidogo ambayo sikutaka awe nayo.

"Na kulazimishwa je?" nikamuuliza. "Nilikulazimisha lini, Lornah?"

Alikunja mdomo wa mfuko wa sukari. "Angenifukuza pia," akasema. "Ilibidi niseme kitu."

"Ukaona useme mimi."

Akaanza kulia, na mimi, aibu iliyoje, nilitamani kumpa leso. Miaka yote hiyo mkono ulikuwa umezoea. Nikaukalia.

Ghafla akainua uso, pua ikicheza.

"Maharagwe inaungua."

Nilimtazama macho, nikamtazama mdomo. Huenda ilikuwa kweli. Huenda alitaka tu niinuke, nimpe mgongo, atoke bila kujibu. Siku nyingine yoyote ningekuwa nimeshafika jikoni kabla hajamaliza neno.

"Mama Ivyne, nakuambia inaungua!"

Sikuinuka. Nilikaa pale pale nikimkazia macho mpaka moshi ulipopenya chini ya pazia, nikauona mwenyewe.